Pampu Ilikuwa Salama, Ndoo Yangu Ndiyo Iliyokuwa na Vijidudu

Hapa kwetu Singida tukisema maji ya mahali fulani ni mazuri, mara nyingi tuna maana hayana chumvi. Mimi pia nilipima kwa ulimi, mpaka mwanangu wa mwisho alipoharisha mara tatu katika kiangazi kimoja.

Nililaumu kisima cha mchangani, kule mtoni watoto wanakochungia mbuzi. Maji ya nyumbani tunachota kwenye pampu ya mkono, hayo sikuyatilia shaka. Nikapata vijaribio vya bakteria: mirija midogo yenye unga, kila mmoja hujazwa mililita 10 za maji. Nilichukua maji ya kisima, ya mdomo wa pampu na ya ndoo yetu ya kunywea. Mirija hukaa kwenye joto la nyuzi 35 hivi kwa saa 24. Sina mashine, kwa hiyo niliifunga kwenye kitambaa nikalala nayo kiunoni.

Maji yakigeuka njano, yana bakteria wa kundi la koliformu, na baadhi yao huishi kwenye udongo tu. Yakiwa njano na kung'aa bluu chini ya tochi ya kukagulia noti bandia, yana E. koli, anayetoka kwenye kinyesi cha mtu au mnyama.

Kisima: njano, yanang'aa. Pampu: hayakubadilika. Ndoo yangu: njano, yanang'aa.

Mama watoto alitazama akanyamaza. Mimi ninayehimiza wanakijiji wazungushie visima uzio, nyumbani kwangu kila mtu alikuwa anachovya kikombe na vidole kwenye ndoo isiyo na mfuniko.

Kwa hiyo usiishie kupima kisimani; pima na maji unayokunywa. Nawa mikono kwanza, na usiguse ndani ya mrija wala kifuniko chake. Ukimaliza, tia jiki ndani ya mirija kabla ya kuimwaga chooni, maana vijidudu wamezaliana humo.

Mrija usiobadilika usikupe uhakika wote. Shirika la Afya Duniani linataka E. koli asionekane hata mmoja katika mililita 100. Kwa kipimo hicho waone RUWASA wilayani, wakuelekeze maabara ya maji.

Sisi tulinunua ndoo yenye koki na mfuniko, na maji tunachemsha. Yakishatokota kwa mapovu makubwa, dakika 1 inatosha. Usimalize kuni bure. Ila kuchemsha hakuondoi floridi, ambayo ipo kwenye baadhi ya visima vya mkoa wetu. Hiyo nayo hupimwa maabara.

Baada ya wiki mbili nilirudia kipimo. Maji ya ndoo mpya hayakubadilika rangi, na mtoto hajambo. Leo jioni, kabla hujalaumu kisima, angalia kwanza ndoo yako.