Sarafu ya koko haikwenda Marekani

Ndugu zangu, mwezi uliopita nilibaki kidogo tu nitoe karo ya mdogo wangu juu ya sarafu moja. Naandika ili isikupate na wewe.

Sarafu ni ya koko, mama ya mama yangu. Tulipotoka Bukavu, mama aliishona ndani ya pindo la kitenge chake. Hapa Kampala hatuna kitu kingine cha zamani. Si ya duara, ina pembe sita. Ina tembo, ina jina la benki ya Kongo ya Wabelgiji, namba 2 na mwaka 1943. Rangi yake ni ya njano.

Mimi nasuka nywele Kabalagala. Siku moja nilikuwa naionyesha mteja, jamaa mmoja aliyekuwa amekaa pale nje akaiomba aitazame. Akaigeuza, akatoa simu, akanionyesha picha ya sarafu yenye tembo.

"Sista, hii ni dhahabu ya Wajerumani, ya Tabora. Watu wanalipa maelfu ya dola."

Eti shida ni moja tu: bila cheti haiuziki. Lazima iende Marekani ikapimwe na wataalamu. Yeye ana mtu wa kuituma. Nimwachie sarafu pamoja na shilingi 150,000, leo leo.

Nyumbani tulikuwa na 180,000, na zote zilikuwa za shule. Nilimwambia nitarudi kesho. Usiku sikulala. Nilishapanga kodi ya mwaka mzima, hata cherehani ya mama. Nikachukua limau na mswaki, nikaisugua ile sarafu mpaka ikang'aa kama mpya. Nilijiona mjanja.

Karibu na asubuhi ndipo nikafanya kile nilichopaswa kufanya kwanza: kusoma.

Sarafu ya Tabora ipo kweli. Ni ya 1916, wakati wa Vita ya Kwanza. Meli za Waingereza zilikuwa zimefunga pwani, pesa zimewaishia Wajerumani, wakatengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli pale Tabora. Zilikuwa kama 16,000 hivi. Lakini ni za duara. Zina tembo, mlima nyuma yake, na tai wa Kijerumani upande wa pili. Yangu ina pembe sita na neno Congo limeandikwa wazi. Jamaa alinionyesha tembo, na mimi nikaona tembo tu.

Yangu ilitengenezwa Philadelphia, Marekani, kwa sababu mwaka 1943 Ubelgiji yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Zilitengenezwa milioni 25. Ni shaba iliyochanganywa na zinki. Ile kijani iliyokuwa kwenye pembe zake kabla sijaiosha ilikuwa inaniambia hivyo hivyo, maana dhahabu haioti kijani.

Halafu nikasoma kuhusu hicho cheti. Nacho ni cha kweli. Marekani kuna kampuni kama PCGS na NGC. Wanaitazama sarafu kama ni halali, wanaipa alama kuanzia 1 hadi 70, halafu wanaifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Mnunuzi aliye mbali anaiamini bila kuishika. Lakini unalipa ada ya kila sarafu, posta ya kwenda na ya kurudi, na bima. Wataalamu hawafanyi sarafu iwe na thamani. Wanathibitisha ile iliyopo.

Kwa hiyo maswali ni matatu. Ni sarafu gani hasa? Hali yake ikoje? Na ikishapewa alama, bei itapanda kuliko gharama zote ulizotoa?

La kwanza nilishalijibu. La pili, tembo wangu amechakaa, sikio halionekani vizuri, miaka mingi ya mifuko na vidole. Na mimi nikaongeza kosa langu: wakusanyaji hawataki sarafu iliyosuguliwa. Kampuni zile zikiona imeoshwa vibaya, zinaandika hivyo na haipewi ile namba ya kawaida. Limau langu lilikuwa limeshapunguza hata kile kidogo kilichokuwepo. La tatu, nilitafuta bei zilizolipwa kweli, si zile watu wanazoomba tu, maana kuomba ni bure. Zilizochakaa kama yangu ziliuzwa dola chache. Posta peke yake ingezimaliza.

Asubuhi nilipita shuleni kwanza, nikalipa karo. Jamaa nilimwambia hapana. Alikasirika, akasema wakimbizi hatujui bahati ikitukalia mbele. Neno hilo liliniuma, sitaficha. Tumezoea mtu mwingine atuambie sisi ni kina nani na kitu chetu kina thamani gani, tunangoja karatasi yake. Ndiyo maana tunashikwa upesi na anayeahidi karatasi.

Jioni nilimpigia koko, yuko Nakivale. Nikamwambia yote, hata limau. Nilidhani atalia. Akacheka.

"Mutoto yangu, baba alikuwa anachimbaka dhahabu kule Kamituga. Lakini balikuwa banamulipa ile."

Sikuwahi kujua. Ile ilikuwa ya mshahara wake wa kwanza, hakutaka kuitumia. Miaka yote hakuna aliyemuuliza koko, hata mimi niliyetaka kuiuza.

Sasa iko ndani ya bahasha ndogo ya karatasi. Nimeitoa kwenye mfuko laini wa plastiki tunamowekea vitambulisho, kwa sababu plastiki ya namna hiyo inaweza kuharibu shaba. Juu ya bahasha nimeandika jina la babu na Kamituga.

Kama na wewe una sarafu ya nyumbani, usiioshe. Usimwachie mtu, wala usilipe kitu kwanza. Ilete Jumamosi tuisome pamoja. Huenda ikawa ya thamani kweli, na hapo tutatafuta njia ya kuituma. Ila kabla ya hapo, mpigie aliyekupa.