Dobi achome shati, haya nione mimi?

Wadau, mnajua nilifanya nini baada ya dobi mmoja Malindi mjini kunichomea shati? Nilimwambia asante. Nikapanda matatu nikarudi Kakuyuni na alama ya pasi mgongoni.

Lile shati mamangu alininunulia nikiingia chuo. Chuo niliacha, shati likabaki. Mama ndiye aliyenirudisha mjini: "Kwani walikufulia bure?"

Mzee mwenye duka akanionyesha risiti: nguo hufuliwa kwa hasara ya mwenyewe. Nikamwambia kwa heshima, Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya fidia akipata hasara kwa huduma mbovu. Risiti haifuti Katiba. Kuna hata Mahakama ya Madai Madogo, mwisho milioni moja, lakini kwa shati la 1,500? Hata mimi ningejicheka.

Sikudai bei ya shati jipya, maana nishalivaa miaka miwili. Niliomba 1,000.

"Mwanangu, biashara ngumu."

Nikanyamaza. Shati liko pale kaunta, limetandazwa, na wateja wawili wanaingia.

Akanitumia 800 kwa M-Pesa. Mama hadi leo anaziulizia zile 200.