Tumeacha Kulichafua, Mbona Lambo Halijatakata?

Jumamosi asubuhi niliondoka Masasi, mji wenye majabali makubwa, nikielekea Newala kumjulia hali shangazi yangu. Moyoni nilibeba jambo zito. Kamati ya msikiti wetu ilikuwa imegawanyika juu ya lambo lililo jirani nasi. Miaka mitatu iliyopita tuliwasihi watu waache kufulia humo, tukahamisha vyoo vya ukingoni na kuizuia mifugo. Hata hivyo maji yamebaki ya kijani, na harufu ni ile ile. Baadhi ya wazee wakasema, "Tumeacha, na hakuna kilichobadilika. Katazo lina faida gani tena?"

Gari lilipomaliza kupanda uwanda wa juu wa Makonde, niliona mchanga na mikorosho, wala si mto. Huku juu mvua huzama ardhini, ikaibukia mabondeni. Shangazi alinisimulia jinsi walivyokuwa wakiteremka bondeni kabla ya alfajiri na kupanda na maji kichwani. Aliyeyapata maji kwa taabu namna hiyo hayachezei.

Mikorosho yake hupuliziwa salfa kila mwaka kuzuia ubwiri unga. Salfa idondokayo, ikikusanyika miaka mingi, huuongezea udongo uchachu. "Ukiacha leo, mwanangu," aliniambia, "ardhi haiachi leo." Hapo nikapata jibu la wazee wetu.

Samadi, vinyesi na baadhi ya sabuni vina fosforasi, ambayo ni chakula cha mimea ya majini. Ikizidi, mwani hustawi na kuyageuza maji kuwa kijani. Mwani ukifa huzama, na fosforasi huwekwa akiba katika tope. Katika ziwa la kina kirefu, sehemu kubwa ya akiba hiyo hubaki mbali na juu. Katika maji ya kina kifupi, upepo huvuruga hadi chini. Tena oksijeni ikipungua karibu na tope, chuma kilichoishika fosforasi huiachia. Hivyo tope huendelea kuyalisha maji hata baada ya watu kuacha kuyachafua.

Ghuba ya Winam huko Kisumu, yenye kina kifupi, inateseka kwa mzigo wa namna hii uliotoka mijini na mashambani. Nchini Sweden, ziwa dogo la Trummen liliacha kupokea majitaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Zaidi ya miaka kumi likabaki chafu. Lilipata nafuu baada ya kuondolewa tope, nusu mita mwaka 1970 na nusu mita nyingine mwaka 1971.

Jioni nilisimama Shimo la Mungu, nikitazama bonde la Ruvuma chini kabisa, nikakumbuka kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Maji yasiyotiririka hayana pa kuupeleka uchafu wetu.

Niliporejea niliyaeleza haya mbele ya kamati baada ya sala ya Isha. Hatukuafikiana katika yote, lakini katazo limebaki. Oktoba, lambo likipungua, tutachimba tope na kulipeleka mashambani, mbali na ukingo, mvua isije ikalirudisha. Mzee aliyepinga zaidi ameahidi kuleta majembe mawili.