Mfuko wa Kimbunga

Alfajiri ya Agosti 24, 1992, kimbunga Andrew kilipiga kusini mwa Kaunti ya Dade, Florida. Mimi nilitoka Mombasa kwenda kusoma, nikaishia kazi za mjengo, ndiyo maana nilifika mapema katika mji wa Homestead, kwenye kaunti hiyo, kuondoa vifusi.

Mapaa yalikuwa yameng'oka. Ukiokota ubao wa paa uliona safu ya pini zilizopigwa pembeni ya kenchi, hazikushika kitu. Fundi alikuwa na haraka na mkaguzi hakupanda juu. Kwenye kuta wenye nyumba walipuliza kwa rangi namba ya nyumba na jina la kampuni yao ya bima, maana vibao vya mitaa vilikuwa vimepeperushwa na mkadiriaji hasara asingejua pa kuanzia.

Baadhi ya majina yale hayakuwa na maana tena, kwani kampuni 11 zilifilisika. Nyingine zilitaka kulihama jimbo, hadi serikali ikazizuia kwa muda kufuta mikataba ya wateja. Novemba 1993, enzi za Gavana Lawton Chiles, wabunge wa jimbo waliitwa mji mkuu, Tallahassee, kwa kikao maalumu, wakaanzisha mfuko wa serikali uitwao Florida Hurricane Catastrophe Fund.

Tuliposikia “mfuko wa serikali” tulidhani ni msaada. Rafiki yangu wa Lamu, aliyepoteza nyumba ya magurudumu isiyo na bima, aliniuliza, “Sasa kaka, hizo pesa tunazichukulia ofisi gani?” Hakuna ofisi. Mfuko ule ulikuwa bima ya kampuni za bima: kila kampuni ya bima za nyumba huchangia, na hasara ikivuka kiwango fulani hurudishiwa sehemu yake, asilimia 45, 75 au 90 kwa jinsi ilivyochagua. Fedha zikipungua, mfuko hukopa kwa hatifungani, na deni huongezwa kwenye bima za wananchi.

Ndivyo ilivyokuwa baada ya vimbunga vya 2004 na 2005. Kuanzia 2007 tulikatwa asilimia moja, baadaye 1.3, hata kwenye bima ya gari. Mimi sikuwa na nyumba na nililipa, hadi makato yakafutwa 2015.

Bado nasema wabunge walifanya la maana, maana bila mfuko ule wengi wasingepata wa kuwakatia bima. Ila asiye na bima haukumsaidia wakati ule, na haumsaidii leo.