Kuta za Chokaa za Richmond

Mji wa Richmond uko kaskazini mwa Uingereza, katika jimbo la Yorkshire. Juu ya mto Swale imesimama ngome ya mawe, na mnara wake wapata kimo cha meta 30. Wageni hupanda, hutazama bonde, wakashuka. Lakini, wasomaji wapenzi, natutue chini ya mnara, penye nyumba ndogo ya mahabusu yenye vyumba vinane.

Mwaka 1916 serikali ilitoa sheria ya kuwalazimisha vijana kuingia jeshini, nayo ngome hii ikawa kambi ya kikosi cha wasiochukua silaha. Walakini wako waliokataa hata kazi hiyo, wakisema kwamba ambebeaye askari mzigo ili apate kuua, naye ana sehemu katika kuua. Hao wakafungwa humo. Chokaa ya ukutani ikawa karatasi yao: waliandika kwa penseli majina, na aya, na maneno ya tenzi. Bert Brocklesby, mwalimu wa shule na mhubiri wa Kimethodisti, alichora uso wa mchumba wake. Ndugu yake mwenyewe alikuwa afisa wa jeshi.

Tusidhani kwamba wote walikuwa Marafiki, wale ambao Kenya yawajua tangu misioni ya Kaimosi ya mwaka 1902. Wala Marafiki hawakuwa na shauri moja. Katika vijana wao wa Uingereza waliofaa kwa vita, wapata theluthi moja walijiandikisha kuwa askari. Wengine walijiunga na kikosi cha kuwahudumia majeruhi kilichoundwa mwaka 1914; na wengine wakasema hata huko ni kulisaidia jeshi. Naona nyumba nyingi zilikosa amani mezani.

Tarehe 29 Mei 1916 watu 16 walitolewa ngomeni, wakapelekwa Ufaransa, ambako asiyetii aliweza kupigwa risasi. Mwezi wa Juni, huko Boulogne, walisimamishwa mbele ya askari, wakasomewa hukumu: kufa kwa risasi. Afisa akanyamaza. Kisha akaendelea kusoma, ya kwamba hukumu imegeuzwa kuwa kifungo cha miaka 10 na kazi ngumu. Kimya kile kilikuwa kifupi kwa msomaji, si kwao.

Waliobaki kifungoni hata mwisho walifunguliwa mwaka 1919. Chokaa ya Richmond ni nyembamba, na unyevu huibambua. Maandiko yangali yakilindwa, ila mengine yameanguka pamoja nayo.