Daftari Langu la Shaaban Robert

Waliosema mazoea yana taabu hawakukosea. Mtu akishazoea jambo, hata ajifiche vipi, jambo lile litamtoa hadharani. Mpishi wetu, hata ukifumbwa macho, utamjua kwa namna anavyogonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Kiranja wa bweni letu tunamjua kwa kikohozi chake kabla hajafungua mlango, na kikohozi hicho kimewaokoa wapiga kelele wengi. Leo nataka kuwasimulia habari za mtu niliyemjua kwa mazoea ya kalamu yake, ingawa alifariki mwaka 1962, kabla hata wazazi wangu hawajazaliwa. Mtu huyo ni Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga.

Nilikutana naye nikiwa Kidato cha Pili. Mwalimu mlezi wa chama chetu alifungua lile kabati lenye kufuli bovu, akanipa nakala ya Kusadikika isiyo na jalada, kurasa zake zimekuwa rangi ya chai. Akaniambia, "Nenda ukasome, halafu uje utuambie umeona nini." Nilidhani nitaulizwa maudhui na wahusika kama kawaida ya mitihani, kwa hivyo nilisoma na kalamu mkononi. Jumatano iliyofuata nilisimama mbele ya wanachama, lakini jambo lililonitoka kinywani ni hili tu: "Mwalimu, watu wa humu wote wana majina ya kuwasema." Wenzangu wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Akaniambia, "Endelea."

Nikaendelea. Mshtakiwa anaitwa Karama. Waziri anayemshtaki anaitwa Majivuno. Wajumbe waliotumwa na nchi ile ni watu kama Buruhani, Fadhili na Amini. Nilipopata Adili na Nduguze, nikakuta mambo ni yale yale: Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, na ndugu hao wakaja kugeuzwa manyani. Nilijiuliza, kwani wazazi wao walitarajia nini? Mtu anayeitwa Hasidi utamwazima baiskeli?

Hapo ndipo nilipofungua daftari la kurasa 96 na kulipiga mistari mitatu: neno, kitabu, mara ngapi. Kila jioni baada ya masomo ya usiku nilijaza. Jirani yangu wa kitanda alichungulia akaniuliza, "Wewe ni mwanafunzi ama ni karani wa forodha?" Alikuwa ananitania tu, wala hakujua kwamba amegonga ndipo. Shaaban Robert mwenyewe aliwahi kufanya kazi ya ukarani wa forodha katika serikali ya Waingereza huko Tanganyika. Basi nikaona nimepewa baraka, nikaendelea kuhesabu mizigo yake.

Nilivuna mengi, na si haba. Kwanza, niligundua kwamba mzee huyu alipokosa neno, hakulia wala hakukopa, bali aliunganisha mawili akapata moja. Mkulima wake anaitwa Utubora, na shamba analokimbilia akiacha kazi ya mjini liko Busutamu. Katika Kufikirika kuna mtu anayeitwa Utubusara Ujingahalisi, jina ambalo ukiliita kutoka mlango wa bwalo, uji utapoa kabla hujalimaliza. Pili, niliona anapenda mizani. Akitaja raha, teremka kidogo utakutana na taabu. Akitaja tajiri, maskini hayuko mbali. Tatu, kuna maneno hayamtoki kinywani. Utu lilinijazia ukurasa mzima. Adili ni jina la mhusika wake, na tena ni jina la utenzi aliomtungia mwanawe wa kiume, Utenzi wa Adili.

Jambo moja lakini lilinichosha, na sitaficha. Katika Kusadikika, wajumbe sita wanatumwa pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, juu na chini. Kila mmoja anasafiri, anataabika, anaona mazuri ya huko, anarudi kutoa ushauri, na shukrani anayopewa ni gereza. Mjumbe wa kwanza nilimhurumia. Wa pili nilimsikitikia. Kufika wa nne nilikuwa najua atakavyoishia, nikaandika pembeni mwa daftari kwa penseli: "Hapa mzee amejirudia." Niliona nimemkamata mwalimu mkuu kwa kosa la kitoto.

Sasa, ukikaa sana na muuza samaki lazima utanuka samaki. Mimi nami nikaanza kunukia Shaaban Robert. Kiranja nikamwita Majivuno. Mpishi nikamwita Ujihalisi, na jina hilo analo mpaka leo. Insha zangu zikajaa mizani na tamathali zilizopangwa foleni kama watu wanaongoja maji. Nilipata 17 kwa 20, nikatembea na karatasi ile bweni zima. Lakini chini ya alama, mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Lugha ni tamu. Wewe mwenyewe uko wapi?" Nilikasirika. Nilisema moyoni, mwalimu huyu ametaka tu kuninyima zile tatu.

Likizo ya Agosti ikafika, nikaenda nyumbani Voi. Siku ya tisa ya likizo, Nyanya, mamake baba, alituaga dunia. Alikuwa ameuza ndizi na maharagwe sokoni miaka mingi, na sisi wajukuu wake tulisomeshwa kwa maharagwe hayo. Kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa Kiswahili" katika ukoo, baba aliniambia, "Wewe utaandika wasifu wa marehemu, na wewe utausoma."

Niliandika usiku kucha. Nyanya alikuwa taa, alikuwa mwamba, alikuwa kisima jangwani, alikuwa mwavuli wa wanyonge. Nilimpa hata utubora. Watoto wake niliwataja kwa mpango, na kuhusu baba mdogo, yule aliyeondoka kwenda Mombasa kutafuta kazi mwaka 2009 na ambaye hatujui habari zake, niliandika kwa ufupi kwamba alienda na hakurudi. Siku ya mazishi nilisoma kwa sauti iliyopanda na kushuka. Watu waliitikia kwa vichwa. Wageni walinipa mkono. Nilijiona nimefanya kazi ya mtu mzima.

Jioni, tulipokuwa tukikusanya viti, Shangazi aliniita nyuma ya jiko. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Mwanangu, umesoma vizuri sana. Lakini nikuulize, huyo uliyemsoma ni nani?"

Nikamjibu, "Si Nyanya, Shangazi?"

"Mimi sikumsikia mama humo. Nimesikia taa, nimesikia mwamba. Halafu ukasema ndugu yangu hakurudi. Mama hakusema hivyo hata siku moja. Wewe uliyemwandikia madeni yake, umesahau?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimesahau kweli. Nikiwa darasa la tano, Nyanya alinifanya karani wake. Alikuwa na daftari la watu waliochukua maharagwe kwa mkopo, naye hakujua kuandika. Jioni alitaja kwa kichwa, mimi naandika: fulani, kilo mbili, siku fulani. Siku moja nikaandika mwishoni mwa jina la mama mmoja: "hakulipa". Nilipomsomea, Nyanya aliacha kuchambua maharagwe. Akasema, "Futa. Andika hajalipa." Nikamwambia ni mamoja tu, pesa hazipo. Akasema, "Si mamoja. Ukisema hakulipa umemfungia mlango. Kesho akija na pesa ataingilia wapi?" Nikafuta. Tangu siku hiyo niliandika hajalipa, hajalipa, hajalipa, mstari juu ya mstari mpaka chini ya ukurasa.

Na ndivyo alivyosema kila kitu. Mvua ikikawia, haijanyesha. Mjukuu akianguka mtihani, hajapita. Kuhusu baba mdogo alisema neno hilo kila mtu alipomuuliza, na watu waliuliza miaka yote hiyo: "Hajarudi." Mimi, mhesabu wa maneno ya Shaaban Robert, nilikuwa nimelala nyumba moja na mtu mwenye neno lake na sikuliandika popote. Na siku ya kumzika nilisimama mbele ya watu nikamfungia mwanawe mlango.

Niliporudi shuleni muhula wa tatu sikutaka kuliona lile daftari. Nililisukuma chini ya sanduku. Lakini zamu ya kupanga kabati la chama ilinifikia, na Kusadikika ikawa juu kabisa. Nikaifungua kwa wale wajumbe sita niliowachoka. Nikasoma wa kwanza, wa pili, wa tatu. Safari hii nilipofika wa nne, nilishikwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya kumkasirikia mwandishi. Nilikasirikia ile nchi inayomfunga kila anayeipendelea mema. Ndipo nikaelewa kwamba Karama yuko mahakamani. Mashahidi wake ni hao sita. Mjumbe mmoja akifungwa, watu watasema ni bahati mbaya. Wakifungwa sita kwa njia ile ile, hakuna tena wa kusema bahati. Mzee hakuwa amejirudia kwa kukosa la kusema. Alikuwa anaandika hajalipa, mstari juu ya mstari mpaka chini ya ukurasa.

Kisha nikatazama yale majina mawili, Kusadikika na Kufikirika, nikakumbuka somo la kauli ya kutendeka ambalo wengi wetu hulisinzilia. Angeweza kuipa nchi yake jina la uongo mtupu. Aliipa jina lenye ile -ika ndogo: kitu kinachoweza kusadikiwa, kitu kinachoweza kufikiriwa. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1951, wakati nchi yake ilipokuwa chini ya utawala wa kigeni, naye anasimulia habari ya mtu aliyeshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Silabi zile mbili zinamwambia msomaji kwamba hili halipo, lakini linaweza kuwapo. Nyanya wangu, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alikuwa na silabi yake, -ja-. Yeye pia alikuwa akisema halipo, lakini linaweza kuwapo.

Kuna jambo jingine nililoliona siku hiyo, nalo ndilo lililoniuma zaidi. Mtu huyu aliyefua majina mengi namna ile, aliyeweza kumwita mtu Utubora au Utubusara, alipofiwa na mkewe alitunga shairi la kumwombolezea. Sasa hebu fikiri, mtu mwenye ghala la maneno kama yeye angeweza kulipa jina gani? Aliliita Amina. Hilo lilikuwa jina la mkewe. Basi. Mimi nilimpa Nyanya taa, mwamba, kisima na mwavuli, na sikumpa neno lake moja.

Wanachama wenzangu, sisemi tusiige. Mtoto hujifunza kutembea kwa kushika ukuta. Chukueni maneno ya Shaaban Robert, chukueni ya Said Ahmed Mohamed, chukueni ya Ken Walibora, muyahesabu, muyaonje. Lakini mkiliona neno linarudi na kurudi, msikimbilie kusema mwandishi ameishiwa. Muulizeni anamngoja nani hapo. Na mkifika nyumbani likizo hii, sikilizeni. Huenda babu yako ana neno lake ambalo analisema mara ishirini kwa siku, nawe umelizoea hadi hulisikii tena.

Mwalimu mlezi nilimpelekea insha nyingine mwezi wa Oktoba, juu ya soko la Voi siku ya mvua. Haikuwa na mwamba wala mwavuli wowote. Nilipata 15. Chini yake hapakuwa na swali.

Lile daftari nimelitoa chini ya sanduku. Nyuma yake, kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi mbele, nimeanza orodha ya Nyanya. Nilimwandikia Shangazi barua ya kumwomba radhi, nikamwambia wasifu nimeuandika upya, na nikamnakilia ile sehemu ya baba mdogo, jinsi ilivyo sasa: aliondoka kwenda Mombasa mwaka 2009 kutafuta kazi. Hajarudi.