Ningu Hupanda na Mvua

Karibu maisha yangu yote ya ajira yamepita katika mito ya magharibi mwa Kenya: Nzoia, Yala, Nyando, Sondu-Miriu na Kuja. Mtu akisikia utafiti wa samaki wa Ziwa Victoria, mawazo humwendea ziwani, kwenye maboti na mbuta. Mimi nilikuwa mtu wa mito, na samaki niliowafuata ni wale waliokuwa katika maji haya kabla mbuta hajapandikizwa ziwani katika miaka ya 1950. Nawazungumzia ningu, fwani, kambare, na wale wadogo wadogo wasio na soko ambao mvuvi huwaachia watoto wakachome.

Chombo chetu kikuu kilikuwa mashine ya umeme ya kubeba mgongoni. Anayeibeba hushika fimbo ndefu yenye pete ya chuma mbele, na waya mwingine huburuta nyuma yake majini. Umeme ukipita, samaki aliye karibu huvutwa kuelekea kwenye pete, kisha hulegea, na mwenye wavu wa mkono humwopoa na kumtia ndooni. Baada ya muda mfupi huzinduka. Sote tulivaa suruali za mpira zinazofika kifuani, na hakuna aliyeruhusiwa kutia mkono mtupu majini mashine ikiwaka.

Kuhesabu kwenyewe kuna hesabu yake. Tunaziba kipande cha mto kwa nyavu juu na chini, tunakipitia, tunawatoa samaki na kuwaweka kando, halafu tunarudia. Tuseme mara ya kwanza tumepata 40, ya pili 20, ya tatu 10. Kila safari inatoa nusu ya waliobaki, kwa hiyo tunakadiria kwamba mwanzoni walikuwamo 80, ingawa tuliowashika ni 70. Ndipo hufuata kupima urefu na uzito, kukata kipande kidogo cha pezi kwa ajili ya maabara, na kuwarudisha mtoni. Niliipenda hesabu hiyo tangu siku niliyofundishwa, kwa sababu inamwezesha mtu kusema jambo la kweli kuhusu samaki ambao hakuwaona.

Lakini inataka maji ya magotini, yanayoonekana hadi chini, na mto uliotulia. Ndiyo maana safari zetu zilipangwa Januari na Februari, wakati barabara zinapitika na gari halizami matopeni. Mwaka baada ya mwaka fomu zilirudi na fwani na kambare, na kwenye mstari wa ningu tukaandika sifuri.

Mzee mmoja wa Bunyala, aliyekuwa akitutazama kutoka ukingoni, ndiye aliyenieleza. "Binti yangu," aliniambia, "mnakuja kumgongea mlango siku aliyosafiri. Yuko ziwani huyo. Njooni maji yakiwa mekundu." Kisha akanionyesha kwa mikono jinsi baba yake alivyojenga *kek*, uzio wa kukata mto wenye migono kwenye mianya yake, wa kumngojea ningu msimu wa mvua.

Aliyoyasema yalikuwa yameandikwa zamani. P. J. P. Whitehead alichapisha mwaka 1959 utafiti wake juu ya samaki wa Ziwa Victoria wanaopanda mito kuzaa, na ningu akiwa miongoni mwao. Mwaka 1965 Cadwalladr akaandika jinsi uvuvi wa ningu ulivyoporomoka, na pamoja nao mbinu za asili za kuvua katika Nzoia. Nyavu za kunasa zilitegwa mitoni na kwenye midomo ya mito, zikawakamata majike wenye mayai kabla hawajafika walikokuwa wakienda. Samaki alipopungua, na ujuzi wa *kek* nao ukapungua.

Nilidai twende masika. Ilichukua muda mrefu kukubaliwa, na hata sasa nasema kwa uchungu kwamba ratiba ya utafiti wa samaki isipangwe kwa kuangalia hali ya barabara. Tulipokwenda, mashine ya umeme tuliiacha garini: katika maji mazito yenye kasi, samaki aliyelegea haonekani na mtu anaweza kusombwa. Tulitega migono jioni na kuitazama alfajiri. Tulipima pia samaki wa wavuvi palepale ukingoni, kabla hawajaenda sokoni.

Jike wa kwanza niliyemshika alikuwa na tumbo lililojaa. Nilipombonyeza kidogo, mayai yalinitiririkia kiganjani. Nilimrudisha majini mara moja bila kumpima uzito, na sijutii namba hiyo iliyokosekana. Ningu hutaga kwenye nyasi za ukingoni zilizofunikwa na mafuriko, katika maji ya kina kifupi, na vifaranga hutakiwa kurudi mtoni kabla maji hayajakauka. Bila mafuriko kufika nyasini, kupanda kwake ni bure. Huku chini Nzoia imejengewa matuta ya kuzuia mafuriko. Nimewaona watu wa Budalang'i wakihama na magodoro kichwani, kwa hiyo siwezi kusema matuta yabomolewe. Ila zipo kingo za juu, ambako hakuna nyumba na miwa imelimwa hadi majini, na huko naamini nyasi zingeweza kurudishwa.

IUCN imemweka ningu miongoni mwa walio hatarini kabisa kutoweka. Katika Mto Mara bado wapo, na wanaowapima huko wana bahati ya kujaza ule mstari. Kwenye fomu zangu niliongeza safu mbili ambazo hazikuwamo: rangi ya maji, na kama mto umefika nyasini. Sifuri ya Februari sikuihofia tena. Niliyoihofia ni ya Aprili, maji yamejaa na migono imelala usiku kucha, na kuna vituo ambako niliiandika.